Nondo za Ghorofa ya Kumi na Nne

Naapa kwa magoti yangu mawili, lililo zima na lililo bovu, kwamba haya ni kweli tupu, hayakutiwa chumvi wala limau. Hayakunipata mimi. Yalimpata mtu wa hapa hapa Concepción ninayemfahamu vizuri. Wenzangu wa uwanja wa rayuela, pale tunapokutana wastaafu kutupa visahani vya chuma kwenye udongo, niliwaambia kabla sijaanza: mkikuta humu neno moja la uongo, empanada za leo, zile sambusa kubwa za nyama, juu yangu, na mvinyo wa kusukumia.

Mtu huyo aliitwa Baltazar Catrileo, na kazi yake ilikuwa kufunga nondo. Alifunga nondo miaka thelathini na minane, mpaka vidole vyake vikapinda kama kulabu na hakuweza tena kufungua mkono wote hata wa kuomba. Lakini hakujulikana kwa nondo. Alijulikana kwa uongo. Yeye ndiye aliyesimulia kwamba usiku wa lile tetemeko kubwa kitanda chake kilitoka chumbani kikitembea, kikashuka ngazi bila kumwamsha, kikafika barabarani, kikakutana na kitanda cha jirani, na vile vitanda viwili vikasalimiana kabla wenyewe hawajasalimiana. Alilisimulia hilo harusini na msibani. Watu waliupenda uongo wake kama wanavyopenda pilipili: kidogo kidogo, na si kwa kila mlo.

Sasa, mwaka wa tatu baada ya lile kubwa, kulikuwa na jengo likijengwa karibu na mto. Wakati huo kila mtu mjini alikuwa mtaalamu wa matetemeko. Muuza samaki alikuuliza kuta zina unene gani. Aliyelichora jengo kwa upande wa nguvu alikuwa injinia mwanamke, Ingrid Sanhueza, mfupi, mkali, mwenye buti zilizomzidi namba moja. Wengine walituma karatasi tu. Yeye alipanda mwenyewe, ngazi kwa ngazi, akawatafuta wafunga nondo walipo.

Alimkuta Baltazar amechuchumaa kwenye ukuta wa lifti, ule ukuta mnene ulio katikati ya jengo kama uti wa mgongo. Akakaa chini kwenye mbao, akamwambia ampe mkono. Baltazar alidhani ni mapenzi, naye alikuwa mjane, basi akautoa upesi.

"Ardhi ikitikisika," Ingrid akasema, "uzito wote wa ghorofa unataka kukimbilia upande. Sakafu ndiyo imeubeba. Lakini sakafu haina miguu, Mzee Balta. Lazima iukabidhi kwa ukuta, na ukuta uushushe ardhini."

"Inaukabidhi vipi?"

Akavishika vidole vya Baltazar vilivyopinda, akavipenyeza katikati ya vidole vyake mwenyewe. "Hivi. Nondo zinazotoka ukutani kuingia sakafuni ndizo vidole."

"Na vidole vikikosekana?"

"Sakafu itaaga ukuta."

Akamwonyesha kwenye mchoro. Ukuta wa lifti ulizungukwa na mashimo: upande huu shimo la lifti yenyewe, upande ule ngazi, nyuma njia ya mabomba. Palibaki upande mmoja tu ambapo sakafu iliugusa ukuta kwelikweli, mita nne, upande wa nyumba ambazo namba zake huishia na mbili. Msanifu alitaka kutoboa hata pale apitishe bomba la hewa, na Ingrid alikuwa amegombana naye wiki tatu kuzitetea mita hizo nne. Nondo arobaini kila ghorofa. Baltazar alisikiliza, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote ya kufunga chuma alijua anafunga nini. Tangu siku hiyo aliwafokea vijana wake kwa ajili ya mita zile nne kama mtu anayelinda shamba la mama yake.

Ukuta ulitangulia kupanda, sakafu ikafuata. Kwa hiyo zile nondo arobaini zilikunjwa kwanza, zikalazwa usoni mwa ukuta nyuma ya ubao mwembamba, zisubiri. Sakafu ikifika, unang'oa ubao, unachukua kipande cha bomba, unakichomeka kwenye nondo moja, unaikunjua mpaka inyooke, unakwenda ya pili. Kazi ya kuvunja kiuno. Kila alipomaliza, Baltazar aliandika kwa chaki ukutani namba ya ghorofa. Chini moja, juu yake mbili, akapanda hivyo hivyo na chaki yake.

Kumi na nne iliangukia Septemba kumi na saba.

Mtu wa hapa haulizi siku hiyo ina nini. Kesho yake ni sikukuu ya taifa, na adhuhuri ikigonga hakuna mtu anayebaki kazini isipokuwa paka. Malori ya zege yalikuwa yamepanga foleni tangu asubuhi. Mkaguzi alikuwa amekwisha saini karatasi na kuondoka kwenda kwa mama yake kusini. Vijana wawili wa Baltazar walikuwa tayari kwenye basi la kwenda kwao. Na chini uani kondoo mzima alikuwa juu ya moto tangu saa mbili, moshi wake ukipanda ghorofa zote bila kutumia ngazi.

Baltazar aling'oa kipande cha kwanza cha ubao akakunjua nondo tisa. Ya kumi ilikuwa ngumu. Akaweka bomba chini anyooshe mgongo. Mkuu wa pampu akapaza sauti akiuliza kama wako tayari, maana zege lilikuwa linaanza kushika ndani ya lori. Baltazar alitazama ubao uliobaki. Akavuta pumzi, na pumzi ilikuja na kondoo.

"Tayari," akasema.

Ilichukua muda wa kuvuta sigara nusu. Uji wa kijivu ulifika ukutani, ukapanda, ukatulia. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini maji angalau hukauka. Zege huwa gumu zaidi kila mwaka. Nondo thelathini na moja zilibaki zimelala nyuma ya ubao wao, na Baltazar akaandika kwa chaki, kumi na nne, akashuka kwenda kula. Anasema alikula sana. Anasema kondoo alikuwa mtamu.

Miaka miwili baadaye binti yake, Yasna, muuguzi, alitaka kununua nyumba katika jengo lile lile. Akiba yake ya miaka kumi yote. Jengo lilikuwa limepakwa rangi ya krimu, na watu wa mauzo walikuwa wametundika namba za shaba. Lifti ilitoka kumi na mbili ikaruka kumi na nne kama mtu anayeruka dimbwi, maana nani atalipa akalale kumi na tatu, namba ya mkosi? Yasna alipenda nyumba moja ya kumi na nne, yenye kuuona mto, nambari mbili.

Ukweli ulikuwa mdomoni mwa Baltazar, lakini mdomo wake haukuwa umezoea mzigo wa aina hiyo. Ukatoka uongo, laini, wenye miguu. Alimwambia ghorofa ya kumi na nne kuna zimwi la fundi plasta aliyekufa akitafuta mwiko wake, na kwamba kila alfajiri hukwangua ukuta. Watu waliokimbia namba kumi na tatu hawakuwa na haki ya kucheka zimwi la kumi na nne, hata hivyo Yasna alicheka mpaka akashika mbavu. Akambusu baba yake kwenye paji la uso. Akanunua kumi na tano, ile ile nambari mbili, juu kidogo, mto ukionekana zaidi. "Ili ulale, baba," akasema.

Na baba akalala. Si vizuri, lakini alilala.

Matetemeko madogo yalikuja na kwenda. Mnajua tunavyofanya: meza ikitikisika, kila mtu anashika glasi yake na kutaja namba, nne na nusu, nne na nane, mpaka redio iseme, na aliyekosea sana huosha vyombo. Baltazar alikuwa bingwa. Wakati mwingine alitaja namba kabla chupa hazijaacha kugongana. Kisha mwaka jana, mwezi wa Mei, likaja moja la kuwasimamisha watu. Halikuvunja kitu kikubwa. Lakini kwenye ngazi za jengo lile plasta ilipasuka, ufa mwembamba kama unywele, na Baltazar alipouona aliufuata kwa kidole mpaka ulipoishia.

Alikwenda kwenye mkutano wa wakazi, akavua kofia, akasema yote. Ubao, bomba, nondo tisa, kondoo. Mwenyekiti wao alikuwa Custodio Barahona, aliyewahi kuwa karani wa benki na bado aliwatazama watu kama waliosahau kusaini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole:

"Na zimwi la plasta lina maoni gani, Mzee Balta?"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mmoja akauliza kama kitanda nacho kitaletwa kutoa ushahidi. Yasna alikuwa kiti cha tatu, na yeye ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake, masikio mekundu.

Baltazar hakukata tamaa. Akamtafuta Ingrid Sanhueza, ambaye sasa alikuwa na mvi na buti zinazomtosha. Ingrid hakucheka. Aliuliza swali moja tu, ni ghorofa gani, naye akajibu kumi na nne bila kupepesa. Injinia akaja kwa Barahona na michoro yake mkononi, wakapatana, na Barahona akaandika karatasi, kwa sababu mtu wa benki haachi kuandika. Nyumba nambari mbili ya kumi na nne ilikuwa tupu na mwenyewe aliridhia. Litatobolewa shimo moja, kando ya ukuta, mita zote nne. Ikikutwa kasoro, jengo litarekebisha. Isipokutwa, Baltazar Catrileo atawachomea wakazi wote kondoo, na suala hili halitaletwa mkutanoni tena. Akasaini kwa vidole vyake vya kulabu.

Siku ya kutoboa walisimama chumbani watu sita. Mashine ikanguruma, vumbi likajaa. Ingrid akapiga magoti, akafagia kwa brashi.

Nondo ya kwanza ilitoka ukutani ikaingia sakafuni, imenyooka. Ya pili imenyooka. Ya kumi, ile ngumu, imenyooka. Wakaenda mita zote nne, na zote arobaini zilikuwa pale, safi, nene kama kidole gumba, kama siku Ingrid alipozichora. Hapakuwa na ubao. Barahona alimpiga Baltazar begani akasema anapenda kondoo asiyekaushwa sana.

Nitawaambieni jambo la ajabu. Baltazar alifurahi. Alitembea mpaka nyumbani kwa miguu, akipiga mluzi. Miaka yote ile alikuwa amedanganya watu, na kumbe mtu mkubwa kuliko wote aliyemdanganya alikuwa yeye mwenyewe! Labda hata hili alilitunga. Labda alizikunjua zote, akala kondoo wake kwa haki, na uongo ukaja baadaye wenyewe, kama kuvu. Juma zima alilala kama mtoto mchanga.

Jumamosi akalipa. Kondoo mzima, uani, mahali pale pale. Wakazi walishuka na viti vyao na kachumbari zao, wakamtania, naye akawatania, akawapa hadithi ya kitanda na nyongeza mpya kwamba kitanda kilikamatwa na polisi kwa kutembea bila taa. Ingrid alikuja pia, akakaa na sahani yake. Kisha watu wakaenda kupanga meza, Baltazar akabaki peke yake na moto, akigeuza nyama. Moshi ukapanda. Akaufuata kwa macho jinsi ulivyokuwa ukipanda siku ile, na kwa mazoea ya kazi tu, si kwa jambo lolote, akaanza kuhesabu ghorofa kwa uma wa nyama. Chini moja. Juu yake mbili.

Kumi na nne, uma ulisimama kwenye baraza yenye maua mekundu kwenye kopo la rangi.

Maua yale alikuwa amempelekea Yasna yeye mwenyewe. Akahesabu tena. Akahesabu kutoka juu kushuka. Nyama ikaanza kuungua upande mmoja, naye hakuona. Chaki yake haikuruka namba yoyote, kwa sababu chaki haina ushirikina. Namba za shaba ndizo zilizoruka. Walichotoboa kilikuwa kumi na tatu ya chaki, isiyokuwepo kwenye lifti, iliyovaa jina la ile ya juu yake. Na kumi na nne yake, yenye nondo tisa, ilikuwa chini ya kitanda cha Yasna, mahali yeye mwenyewe alipompeleka kwa zimwi lake.

Alimwita Ingrid. Akanyoosha uma juu. Injinia akahesabu kwa midomo. Akaweka sahani yake chini kwenye nyasi, taratibu, kama yenye supu.

Walimwendea Barahona, naye akatoa karatasi kutoka mfuko wa shati, kumbe alikuwa ametembea nayo. Isitoshe, akasema, nyumba si tupu, mwenye mlango ni Yasna, yeye Barahona hana ubishi na mwenye mlango. Wakamwendea Yasna, aliyekuwa anakata mkate. Baltazar alieleza. Alieleza vibaya, akirudia rudia, akianzia katikati. Yasna alikata mkate mpaka mwisho.

"Ulisema kumi na nne, nikaacha kumi na nne," akasema. "Ukanivua nguo mbele ya jengo zima kwa ajili ya kumi na nne. Wametoboa. Leo ni kumi na tano. Nikihamia kumi na sita, baba, zimwi litapanda nami kwenye lifti?"

"Mwanangu, safari hii..."

"Sakafu ile ya mbao nimeilipa miaka mitatu." Akamgeukia Ingrid. "Injinia, wewe uliziona hizo nondo kwa macho yako?"

"Niliziona."

"Zimenyooka?"

Ingrid alikuwa mtu asiyejua kusema uongo, na siku hiyo ilikuwa hasara. "Zile nilizoziona, zimenyooka. Lakini hesabu ya ghorofa..."

"Basi tule," Yasna akasema, akabeba mkate.

Ingrid aliandika barua kwa kamati. Akajibiwa kwamba suala litatazamwa katika mkutano mkuu, baada ya ajenda ya rangi ya ukumbi wa chini. Aliandika ya pili. Alimpigia Yasna simu mara tatu, na mara ya tatu Yasna akamwomba kwa heshima asimpigie kazini. Baltazar alimuuliza injinia mara moja tu, wamesimama kituo cha basi, kama likija kubwa sakafu ile itaachia.

"Sijui," akasema. "Nilichora arobaini kwa sababu nilihesabu arobaini. Tisa sikuwahi kuzihesabu. Huenda zikashika. Huenda sakafu jirani zikaisaidia, ya chini na ya juu. Sijui, Mzee Balta, na hakuna kitabu kitakachoniambia bila kufungua."

Baltazar aliwahi kufikiri kuiba ufunguo na kutoboa mwenyewe Yasna akiwa zamu. Alifika mpaka mlangoni na nyundo ndani ya mfuko wa viazi. Akaona viatu vya binti yake vimepangwa kwenye kizingiti, vya kazi na vya Jumapili. Akijulikana, mlango huu angeupoteza kabisa, na angalau sasa anakaribishwa chakula. Akarudi na nyundo yake.

Basi kila Jumapili anakwenda kwa Yasna. Anakula maharage, anasifu sakafu. Kisha anasema anakwenda kujinyoosha kidogo, anaingia chumbani, anasogeza kabati kiasi cha mkono kupita, anaweka kiganja pembeni pale ukuta unapokutana na sakafu. Hakuna anachosikia. Zege halisemi. Jumapili iliyopita meza ilitikisika katikati ya chakula, kidogo tu, vijiko vikacheza. Yasna akasema nne na tatu. Jirani aliyealikwa akasema nne na saba. Wakamgeukia bingwa. Bingwa alikuwa hayupo kitini. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, mikono yote miwili imeshika fremu, kama ndiyo inayoshikilia nyumba. Aliosha vyombo bila kuambiwa.

Hapo ndipo nilipokomea kuwasimulia wenzangu wa rayuela. Nolberto, ambaye alikuwa dereva wa lori na ana subira ya mlimani, alikuwa akifuta kisahani chake kwa kitambaa.

"Hadithi nzuri," akasema. "Swali moja. Huyo mtu alipokuwa peke yake na kondoo, akihesabu kwa uma, wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema alinisimulia.

"Na mlangoni na nyundo? Alikusimulia na viatu?"

Nikasema ni mtu wa maneno mengi.

"Binti yako wa hospitali," Nolberto akasema, "ametundika maua kwenye kopo la rangi. Nimeyaona nikipita darajani." Akanyoosha kidole kwenye mkono wangu uliokuwa juu ya goti bovu, ambao haujafunguka wote tangu nilipostaafu. "Umeapa hayakukupata wewe. Hilo ni neno moja. Ulitaka moja tu."

Ahadi ni deni. Nikasimama kwa lile goti zima, nikaenda dirishani kwa mama wa empanada, nikalipa za watu saba na mvinyo wa kusukumia. Nilipowagawia niliwaambia kwamba neno hilo moja ndilo la uongo, mengine yote yasimame, na kama kuna mmoja wao anayemjua mtu wa kamati, au anayeweza kuzungumza na Yasna, mimi nimeshindwa. Niliwaambia tena polepole, nikiwatazama mmoja mmoja.

Walikula. Walisema nyama imekolea vitunguu. Nolberto akajipangusa masharubu, akanigonga mgongoni kwa mapenzi, akasema nimezeeka vizuri, hii ya nondo inakaribia kuwa bora kuliko zote.

"Sasa tupe ile ya kitanda," akasema.